Nyungu ya Mutomo Haihitaji Kung'aa

Wacha niseme hii mapema ndiyo tusipotezeane wakati: nyungu ambayo haing'ai si nyungu ambayo haijaisha. Imeisha. Imechomwa, imepoa, imegongwa na kidole ikalia vizuri, na iko tayari kufanya kazi. Ni sisi tumezoea kuona kitu cha udongo bila mng'aro tukafikiri ni kama nyumba ambayo haijapigwa plasta.

Mimi hufinyanga. Studio yangu ni chumba kimoja nyuma ya nyumba ya mama hapa Mutomo, Kitui Kusini. Zamani kilikuwa stoo ya mahindi na ndengu. Sasa kina meza ya mbao, ndoo sita, chekeche ya waya, magunia ya kufunikia kazi isikauke haraka, na rafu niliyoundiwa na fundi wa mabati hapo sokoni. Mashine ya kuzungusha udongo sina. Natumia mikono, kipande cha kibuyu cha kukwangulia, na jiwe laini la mto la kusugulia. Nilizaliwa Nairobi, nikasomea Nairobi, nikamaliza chuo, kazi ikakataa kupatikana, nikarudi ushago "wiki mbili tu". Hizo wiki mbili sasa zina miaka mitatu.

Kila nikiposti video ya nyungu mpya, swali la kwanza ni lilelile: "Na glezi je?" Si ati watu wana ubaya. Wameona video za wafinyanzi wa Korea na Marekani wakifungua tanuri, kikombe kinatoka kikiwa na buluu ya bahari, kinameremeta. Hata mimi huziangalia usiku mpaka bando inaisha. Lakini ndani ya hilo swali kuna imani kwamba udongo mtupu ni wa watu ambao hawajafika, na mng'aro ndio maendeleo. Hiyo imani ndiyo nataka tuongelee, kwa sababu inatugharimu pesa, na inaweza kutugharimu afya.

Tuanze na glezi yenyewe, maana wasee wengi hudhani ni rangi. Glezi ni kioo. Unachukua unga wa mawe, unaukoroga na maji mpaka uwe kama uji mwepesi, unachovya chombo ambacho tayari kimechomwa mara moja. Udongo unanywa maji, unga unabaki umeshika juu. Halafu unarudisha chombo motoni, unga unayeyuka na kuwa ngozi ya kioo iliyoshikana na udongo.

Ndani ya huo unga kuna vitu vitatu. Cha kwanza ni silika, ileile iliyo kwenye mchanga, na hiyo ndiyo inakuwa kioo. Shida ni kwamba silika peke yake inayeyuka karibu nyuzi 1,700 za Selsiasi, na hakuna tanuri la nyumbani linalofika huko. Kwa hivyo unaongeza cha pili, kiyeyusho, yaani madini yenye sodiamu, potasiamu au kalsiamu, ambayo yanaifanya silika ikubali kuyeyuka mapema. Cha tatu ni alumina, ambayo imo ndani ya udongo. Kazi yake ni kuishika glezi isitiririke yote ikaishia kwenye rafu ya tanuri. Rangi huja mwisho kabisa: chuma hutoa kahawia, shaba kijani, kobalti buluu.

Sasa weka hiyo hesabu kando ya moto wa susu. Susu ni nyanya yangu, ndivyo tunavyomwita kwa Kikamba, na ndiye mwalimu wangu. Yeye huchoma nyungu nje, juu ya ardhi, kwa kuni, mavi makavu ya ng'ombe na nyasi. Moto wa wazi wa namna hiyo kwa kawaida hufika nyuzi 600 hadi 900 hivi. Glezi nyingi za udongo mwekundu zinataka 1,000 na zaidi, na joto lenyewe lipande polepole, likae, lishuke polepole. Moto wa wazi haukupi hiyo nafasi. Upepo ukigeuka tu, upande mmoja unapoa.

Kwa hivyo ndiyo, kwa moto wa susu glezi haiwezekani. Lakini swali la maana zaidi ni kama ilihitajika.

Njoo Mutomo Septemba saa nane mchana utanielewa. Hii ni nchi kavu. Joto halina mzaha, na maji watu huyatafuta kwenye mchanga wa mto uliokauka, kwenye kisima, kwa punda na mitungi ya plastiki. Sasa chukua maji hayo, gawa sehemu mbili. Moja weka kwenye mtungi wa plastiki ndani ya nyumba ya mabati. Nyingine mimina kwenye nyungu ya udongo, iweke kivulini. Baada ya saa chache, ya plastiki yana joto la chai iliyosahaulika. Ya nyungu yanakata kiu.

Hapo hakuna uchawi. Udongo uliochomwa kwa joto la chini una vishimo vidogo sana ambavyo hata huwezi kuviona. Maji kidogo yanapenya mpaka nje, upepo mkavu unayakausha, na yakikauka yanaondoka na joto. Ni kama jasho kwenye ngozi yako. Nyungu inatoa jasho ili maji ya ndani yapoe. Na kadiri hewa inavyokuwa kavu, ndivyo inavyofanya kazi vizuri zaidi, kwa hivyo Mutomo ni mahali pake kabisa.

Pale kaskazini mwa Nigeria, mwalimu mmoja anayeitwa Mohammed Bah Abba alichukua wazo hilohilo miaka ya 1990, akaweka nyungu moja ndani ya nyingine, katikati mchanga uliolowa maji, akapata friji isiyotumia stima ya kuhifadhia nyanya na mboga. Mwaka 2000 alipewa Tuzo ya Rolex kwa hiyo kazi. Angepaka glezi nje ya zile nyungu, angebaki na ndoo mbili nzito za mchanga. Glezi inaziba vishimo. Ukiziba, nyungu haitoi jasho tena, na maji yako yanabaki na joto la nyumba. Kwa hivyo ukiniambia niipake glezi nyungu ya maji ndiyo "iwe poa zaidi", kusema kweli unaniambia niipunguzie upoa.

Na ya kupikia? Muthokoi wa nyungu, wale wamekula wanajua. Nyungu inapata moto taratibu na inaushikilia, kwa hivyo nafaka inaiva polepole bila kuungua chini. Udongo wake una chembe za mchanga ambazo susu huchanganya makusudi. Hizo chembe zinausaidia udongo kuvumilia kupata moto na kupoa bila kupasuka. Ngozi ya kioo iliyopakwa juu ya udongo wa namna hiyo, ukiiweka kwenye mafiga, inapasuka nyufa ndogondogo kama utando wa buibui, na uchafu unaingia humo.

Halafu kuna mtu atasema watu wetu hawakuwa na glezi kwa sababu hawakuijua. Pwani yetu iliijua karne nyingi zilizopita. Pale Gedi, karibu na Watamu, James Kirkman alianza kuchimba magofu mwaka 1948, na kati ya vitu vilivyotoka ardhini ni vipande vya vyombo vya glezi kutoka Uchina na nchi za Kiislamu. Mambrui kuna kaburi la mnara lililopambwa kwa bakuli za Kichina. Waswahili wa miji hiyo walinunua glezi, waliipenda, waliipachika mpaka kwenye makaburi. Lakini kwenye magofu ya pwani, vigae vilivyo vingi zaidi kwa mbali ni vya vyungu vya wenyeji, visivyo na glezi. Bakuli la Kichina lilikuwa la kuonyesha mgeni. Chungu cha udongo kilikuwa cha kupika samaki. Kila kimoja kilikuwa na kazi yake, na sioni mtu aliyekuwa nyuma hapo.

Susu ana njia zake za kumalizia kazi, na zote zina akili. Kwanza anachagua udongo. Kitui Kusini ina mawe ya chokaa mengi, na hapo kuna mtego. Punje ndogo ya chokaa ikibaki kwenye udongo, motoni inageuka chokaa kali. Nyungu ikitoka iko sawa, inapendeza, unaipiga picha. Baada ya siku kadhaa ile punje inavuta unyevu wa hewa, inavimba, na kibanzi kinaruka kutoka kwenye ukuta wa nyungu. Susu hajui maneno ya kemia, lakini kuna sehemu kwenye kijito chetu ambapo huwezi kumshawishi achimbe. "Huko udongo hutema," anasema. Mimi naongeza chekeche ya waya, yeye anatumia vidole, na vidole vyake bado vinashinda chekeche.

Pili, anasugua. Nyungu ikiwa imekauka nusu, ngumu kama ngozi ya kiatu, anachukua jiwe la mto na kuisugua ukuta wote, taratibu, mpaka chembe za udongo zinalala na kushikana. Hapo inapata mng'aro wake wenyewe, wa chini, kama wa mbegu. Kazi ya kusugua nyungu moja kubwa inaweza kula mchana mzima. Hapa ndipo ile methali inakuwa ya kweli kabisa: udongo uwahi ungali maji. Ukichelewa, jiwe linakwaruza tu.

Tatu, baada ya kuchoma, nyungu ya kupikia anaichemshia uji mwepesi kabla haijapikiwa kitu kingine. Wanga unaingia kwenye vishimo na kuvipunguza. Mimi huita hiyo glezi ya susu. Haing'ai, lakini inazuia mchuzi kuvuja, na kila kilichomo ndani yake unaweza kukila.

Na kabla ya yote hayo, udongo ukiwa bado mbichi, anaweka alama. Mistari mitatu mifupi karibu na mdomo wa nyungu, na nukta moja pembeni. Hiyo ni yake. Akina mama wafinyanzi wa Ukambani wana desturi hiyo ya kila mmoja kuwa na alama yake, ndiyo nyungu ikifika sokoni ijulikane ni ya nani. Sisi tunaandika jina kwenye pembe ya video tukidhani tumevumbua kitu. Susu alikuwa anaandika jina lake kwenye udongo kabla mama hajazaliwa.

Sasa nifike pale panapouma.

Mwaka jana mkahawa mmoja Nairobi, sitautaja, uliniandikia. Walitaka vikombe 80 vya "kiafrika" vya kuuzia kahawa. Shilingi 400 kila kimoja. Fanya hesabu: elfu thelathini na mbili. Kwa studio ya chumba kimoja hiyo si pesa ya kuchezea. Lakini walitaka ving'ae, na walitaka baada ya wiki tatu, na bei ya glezi ya kweli hawakuitaka. Yule dada aliyekuwa ananiandikia akanipa suluhisho: "Si upake tu vanishi ya mbao? Wengine hufanya hivyo, na hakuna mtu atajua."

Nilisema hapana. Hiyo ilikuwa rahisi. Iliyokuwa ngumu ni nyumbani. Dada yangu mkubwa, ambaye ndiye hunitumia pesa ya stima mambo yakiwa mabaya, aliniita kando. "Wewe unajiona uko juu ya pesa?" akauliza. "Elfu thelathini na mbili, na mama anadaiwa dukani. Usipopaka wewe, atapaka mwingine." Na alikuwa na haki ya kusema hivyo. Sitakudanganya ati mambo yalijipanga baadaye. Ile oda ilienda, haikurudi, na lile deni la duka tulililipa polepole mpaka Desemba.

Susu alikuwa amekaa mlangoni anachambua ndengu, akisikia kila kitu. Hakuniunga mkono wala hakumpinga dada. Aliuliza tu, "Vanishi si ni ile ya viti?"

"Ndiyo, susu."

"Basi waambie wanywe kahawa kwenye kiti."

Tulicheka, hata dada. Lakini fikiria hilo jambo. Vanishi na rangi ya mafuta zimetengenezwa kulinda mbao na vyuma. Hazijatengenezwa kukaa ndani ya kahawa inayochemka, au kwenye chai ya ndimu, kila siku, asubuhi na jioni. Joto linazilegeza, asidi inazilegeza, na kinachobanduka kinaenda tumboni. Na chini yake udongo bado una vishimo, kwa hivyo maji yanaingia kupitia mkwaruzo wowote na kuoza humo ndani. Nyungu za barabarani zilizopakwa rangi kali, za kupandia maua, sina shida nazo. Ua halinywi chai. Shida ni pale rangi hiyohiyo inapohamia kwenye kikombe na sahani kwa sababu tu picha inatoka vizuri.

Hata glezi ya kweli ina hatari zake. Kwa karne nyingi wafinyanzi wa nchi nyingi walitumia risasi kama kiyeyusho, kwa sababu inayeyuka kwa joto dogo na inang'aa sana. Mexico wamepambana na vyombo vya namna hiyo kwa miaka mingi. Risasi ikiingia kwenye chakula inaharibu ubongo wa watoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kwa hivyo mng'aro peke yake haukuambii kitu. Kikombe kinachong'aa kinaweza kuwa salama kabisa, na kinaweza kuwa sumu iliyopendeza.

Msiseme nachukia glezi. Naitumia. Vikombe vyangu vidogo na bakuli za saladi navipaka, kwa sababu kikombe cha kahawa hakina sababu ya kutoa jasho, na bakuli la siki lazima liwe limezibwa. Nachoma mara ya kwanza hapa, nafunga kila kimoja kwa magazeti na nguo kuukuu, napanda mathree kupitia Kibwezi mpaka Nairobi, nikiwa nimepakata boksi kama mtoto mchanga. Huko kuna mtu mwenye tanuri la umeme ambaye hukodisha rafu. Nanunua glezi isiyo na risasi, ya joto la chini, kwa sababu udongo mwekundu wa Mutomo una chuma kingi. Ukiupeleka nyuzi 1,250 kama udongo wa vyombo vigumu, unalegea na kuketi chini kama ugali uliozidi maji.

Halafu kuna suala la glezi na udongo kukubaliana. Vyote viwili vinasinyaa vikipoa. Glezi ikisinyaa kuliko udongo, inapasuka nyufa. Udongo ukisinyaa kuliko glezi, glezi inabanduka pembeni. Ndiyo maana kabla ya kuuza kitu chochote huwa nachoma vipande vidogo vya majaribio, na kila kipande naandika namba nyuma. Vikitoka, naviweka na kipande cha ndimu juu yake usiku kucha. Asubuhi rangi ikiwa imefifia pale ndimu ilipokaa, hiyo glezi haijashika vizuri na haiingii jikoni. Jaribio la ndimu halimalizi kila swali, lakini linaziondoa zile mbaya waziwazi.

Kuna mfano wa karibu wa watu waliotumia glezi kwa akili. Kazuri, pale Karen, ilianzishwa mwaka 1975 na Susan Wood akiwa na akina mama wawili, wakitengeneza shanga za udongo kwa mkono. Shanga zao zina glezi, na zinafaa kuwa nayo: shanga inakaa shingoni, inaguswa na jasho na marashi, na rangi ndiyo kazi yake yote. Hapo glezi iko mahali pake.

Na kuna mfano wa upande wa pili, na huu ndio natumia mtu akiniambia udongo mtupu ni wa kimaskini. Magdalene Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950. Akaenda Uingereza akiwa kijana, akasomea sanaa, na miaka ya 1970 akaenda Abuja, Nigeria, kwenye kituo cha ufinyanzi alichokuwa ameanzisha Mwingereza Michael Cardew. Huko alijifunza kwa Ladi Kwali, mama mfinyanzi ambaye leo picha yake iko nyuma ya noti ya naira 20. Hebu jiulize ni wafinyanzi wangapi duniani wako kwenye pesa ya nchi yao.

Ladi Kwali alifinyanga nyungu za kwao kwa mkono, na pale Abuja zikapakwa glezi na kuchomwa kwa joto kubwa. Zilipendeza sana, zikazunguka maonyesho ya Ulaya na Marekani. Odundo akaenda njia nyingine. Anajenga kwa mkono, anasugua kwa subira, anachoma bila glezi hata tone. Akichoma kwenye hewa nyingi, chombo kinatoka rangi ya chungwa iliyoungua. Akikichoma tena kwenye moshi bila hewa ya kutosha, kinakuwa cheusi. Vyombo hivyo viko kwenye makumbusho makubwa ya dunia, vinauzwa kwa mamilioni ya shilingi, na mwaka 2020 Uingereza ikampa cheo cha Dame. Kusugua kwa jiwe na moto wa moshi, mambo yaleyale susu anafanya nyuma ya choo cha bafu letu, ndiyo dunia inalipia mamilioni yakiwa ndani ya kabati la kioo. Yakiwa Mutomo chini ya mti, mtu anaomba apunguziwe shilingi hamsini.

Kuna hoja moja dhidi yangu ambayo ni nzito, na siwezi kuikwepa. Kuni. Kitui imekatwa miti vibaya kwa ajili ya makaa. Januari 2018 gavana wa wakati huo, Charity Ngilu, alipiga marufuku biashara ya makaa kutoka kaunti hii, na kila mtu wa hapa anakumbuka kelele zilizofuata. Sasa mimi ni nani wa kuja kusifu moto wa kuni? Jibu langu ni kwamba susu hakati mti. Anaokota matawi makavu, anatumia mavi ya ng'ombe, na anasubiri nyungu ziwe nyingi ndiyo achome mara moja. Na kwa kuwa joto ni la chini na moto unaisha mapema, anatumia moto kidogo kuliko ningetumia mimi kwa tanuri la kuni la kuyeyusha glezi, ambalo linakula kuni siku nzima. Nikipata pesa, tanuri langu la kwanza litakuwa la umeme au la gesi. Lakini hata hapo nyungu ya maji itabaki mtupu.

Methali inasema mfinyanzi hulia gaeni. Anawatengenezea watu vyombo vizima, yeye anakula kwenye kipande kilichovunjika. Wazee waliisema kama utani, lakini ni ripoti ya uchumi. Siku ya soko hapa Mutomo, susu akiwa na nyungu tano kando ya barabara, mtu anashuka kwenye gari, anashika moja, anasema, "Hii ni udongo tu, nipe na mia mbili." Udongo tu. Siku mbili za kuchimba na kuponda, siku za kujenga, mchana wa kusugua, wiki mbili za kukausha kivulini, siku ya moto, na zile ambazo hulipuka motoni hazimo kwenye hesabu. Halafu mtu huyohuyo ataenda kwenye duka la mapambo mjini, alipe elfu tatu kwa chombo kilichotoka kiwandani, kwa sababu kinang'aa na kina stika.

Kwa hivyo ninaomba mambo machache, na hayahitaji pesa nyingi.

Ukinunua kikombe au bakuli la mkono, muulize aliyetengeneza: hii imepakwa nini, na imechomwa mara ngapi? Glezi ya kweli ilirudi motoni. Ikiwa mng'aro ulipakwa kwa brashi na kuachwa juani ukauke, hicho ni cha kuweka kalamu. Mfinyanzi mzuri atafurahi kuulizwa, na anayekasirika amekujibu tayari.

Ukitaka nyungu ya maji, usiombe iwe na glezi. Gusa ukuta wake baada ya kuijaza. Ukiwa na unyevu na baridi, inafanya kazi. Kama unaishi kwenye nyumba ya ghorofa Pipeline au Umoja, na stima ya friji inakula pesa, nyungu moja dirishani itakusaidia zaidi ya unavyodhani, mradi ioshwe na ifunikwe.

Na ukifika sokoni, iwe ni Mutomo, Kitui mjini au kando ya barabara ya Mombasa, igeuze nyungu utafute alama karibu na mdomo. Ukiipata, uliza ni ya nani. Lipa bei aliyosema. Ukiposti picha, taja jina lake kama vile ungetaka jina lako litajwe.

Susu ana nyungu saba zinakauka kivulini wiki hii. Mvua ikichelewa, tutachoma Jumamosi.